Hallbera na Bata wa Gatini

Bata alikuwa amelalia mayai gatini. Hallbera alimwona saa kumi na mbili asubuhi, alipoteremka na ufagio kwenda kusafisha mavi ya ndege kabla wageni hawajafika, akasimama palepale, ufagio begani, mdomo wazi. Mwisho wa gati, penye ngazi za kupandia kutoka botini, palikuwa na kamba nene iliyoviringwa vizuri, duara juu ya duara, na katikati yake amejikalia bata jike wa kahawia, hana habari na mtu. Manyoya laini aliyojing'oa kifuani yalikuwa yamefurika mpaka nje ya kamba.

"Ala!" akasema Hallbera. "Wewe bibi, kisiwa kizima hukukiona?"

Bata akamtazama kwa jicho moja, kisha akatazama baharini.

Nani aliyeiacha kamba pale, Hallbera hakuhitaji kuuliza. Kwenye kisiwa cha bata, ukishaingia mwezi wa tano, huachi kitu cha duara nje. Huachi ndoo, huachi kofia, huachi tairi usilotaka likaliwe. Mtoto wa miaka minne wa kisiwa hiki cha Dúney anajua hilo. Sölvi, mwanawe Hallbera, ana miaka arobaini na sita na kazaliwa palepale kisiwani, lakini kumi na miwili ya mwisho kaikalia mjini kwenye kiwanda cha alumini, na mji umemlegeza akili. Aliiviringa kamba ile ili ipendeze machoni pa wageni. Kisha upepo wa kaskazini ukavuma siku nane, hakuna aliyekanyaga gatini, na bata akaona ametandikiwa kitanda.

Siku nyingine Hallbera angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo hakucheka hata kidogo, maana saa nne meli ya watalii ingeanza kuteremsha boti zake mbele ya kisiwa, na meli ile ndiyo ilikuwa imebeba nyumba yake.

Hallbera tunamjua wote katika ghuba hii. Alikuja Dúney akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kijiji cha wavuvi ng'ambo, kupika na kusafisha manyoya ya bata kwa msimu mmoja tu wa kiangazi. Akakutana na Ásgrímur, kijana wa nyumba ile. Ásgrímur alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba siku anamposa, Hallbera ilibidi amsaidie kumalizia sentensi. Msimu mmoja ukawa miaka hamsini na miwili. Wakati wa baridi walikuwa watu wawili na mbwa, theluji hadi madirishani, na Hallbera akiongea kwa niaba ya wote watatu.

Kazi yake ni bata. Hawa si bata wa kufuga. Ni ndege wa bahari, wanakuja wenyewe kila masika kwa maelfu, wanataga majanini, na jike akishalalia hali kitu mpaka vifaranga vitoke. Binadamu kazi yake ni kuwalinda na kunguru, kuwatandikia nyasi kavu, na kuchukua sehemu ya yale manyoya, ambayo sufi haioni ndani. Hallbera anapitisha mkono chini ya bata aliyelalia na bata haondoki. Amewawekea redio bondeni kwa sababu wanapenda sauti ya mtu na kunguru haipendi. Anawachagulia vipindi: habari za wakulima, kwaya, utabiri wa hali ya hewa. Siasa anazima. Anasema zinawakondesha.

Ásgrímur alifariki miaka minne iliyopita. Hallbera akabaki peke yake na akakataa kuambiwa lolote, mpaka mwanzoni mwa baridi iliyopita alipoteleza kwenye barafu akavunja nyonga, akalala ghalani saa tano akimwimbia mbwa ili asisinzie. Daktari akasema basi, baridi nyingine peke yako hapana. Wakamwonyesha chumba mjini, ghorofa ya tatu, kina lifti na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Hallbera akasema ni kizuri sana, akarudi nyumbani akalia.

Ndipo Sölvi akaja, mwezi wa tatu, na mpango wake. Mke hana, ana pikipiki na likizo bila malipo. "Mama," alisema, "meli za watalii zinapita hapa kila kiangazi. Watu wanataka kuona ndege. Kampuni moja imekubali kujaribu: wageni themanini, saa mbili, wanatembea, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Yule mkuu wao wa matembezi akiridhika, wanatupa meli kumi na moja. Hapo mimi nahamia. Asiporidhika, mwezi wa tisa tunafunga nyumba."

"Watu themanini! Wataniulia ndege kwa kuwapiga picha."

"Basi tufunge."

"Nani kasema tufunge? Nimeuliza tu wanakula nini."

Kwa hiyo alikuwa amepika siku tatu. Chapati zetu nyembamba za maziwa, zilizokunjwa na sukari, zilijaa masinia manne. Ile keki ya shayiri na jamu tunayoiita Raha ya Ndoa alioka tisa. Sölvi alipaka choo rangi, akachonga fito themanini za kushika juu ya kichwa, kwa sababu wale buabua, ndege wetu weupe wa baharini, wanamshambulia mtu utosini, na ukiinua fimbo wanapiga fimbo. Kila kitu kilikuwa tayari. Halafu bata!

Annegret, yule mkuu wa matembezi wa melini, alitangulia saa tatu na nusu kwa boti ndogo ya mpira kukagua. Ni Mjerumani aliyekaa kwetu miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye saa mbili mkononi, na lugha yetu anaisema kuliko baadhi yetu. Sölvi alimzuia kwa ishara mbali kidogo, akamshusha kwenye mawe kando ya gati, viatu vikaloa.

"Kuna nini gatini?" akauliza.

"Kuna mwenyewe," akajibu Hallbera, akamwonyesha.

Annegret akatazama. Gati letu lina upana wa hatua mbili. Mtu akipanda zile ngazi, buti lake lingepita shubiri moja kutoka mdomo wa bata. Sasa zidisha kwa themanini, kwenda na kurudi.

"Ni mzuri sana," akasema Annegret, na alikuwa anasema kweli. "Bi Hallbera, naomba tumsogeze. Mita tatu tu. Kamba, mayai na yeye mwenyewe, vyote pamoja, mnabeba kama sinia."

"Na mimi nikikubeba na kitanda chako nikakutua barabarani, utaendelea kulala?"

"Sipendi kubishana na wewe."

"Basi usibishane, mwanangu. Kunywa kahawa."

Sölvi akaingilia kati. Akasema upande wa mashariki kuna ufuko, boti zinaweza kufika, shida ni buabua tu na fito zipo. Annegret akaongea na nahodha kwenye redio ya mkononi, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mawe yana mwani, abiria wengi ni wazee, na karatasi zinasema gati. Bila gati hakuna kushuka.

"Mimi si mwenye meli," akasema. "Ningekuwa mwenyewe, tungezunguka. Saa nne boti ya kwanza inateremshwa. Mna chini ya nusu saa. Amueni, mimi niko juu hapo." Akapanda kuelekea nyumbani na soksi zake mbichi, akawaachia nafasi, kwa heshima.

Mama na mwana wakabaki wanatazama maji. Sölvi alikuwa anaifinyanga kofia yake mikononi.

"Kamba niliiacha mimi," akasema.

"Najua."

"Hata hukunigombeza."

"Nakugombeza kimoyomoyo. Nenda kaangalie birika, yule mwanamke asije akajimiminia kahawa ya jana."

Sölvi akaenda. Hallbera akangoja mpaka mgongo wake upotelee nyuma ya ghala, kisha akatembea gatini taratibu, nyonga ikimuuma, akapiga magoti mbele ya bata. Kupiga magoti kwenyewe kulimchukua muda, na aliguna.

"Sikiliza," akamwambia. "Sikuja kwa ubaya."

Akapitisha mikono yote miwili chini. Joto lile lilimpanda mpaka kwenye viwiko. Mayai matano. Bata hakutikisika, alimwamini tu, na hilo ndilo lililomchoma Hallbera, maana mwanamke huyu alishamhamisha bata siku moja na alijua inavyokuwa.

Ilikuwa masika yake ya kwanza kama bibi harusi. Bata alitaga kizingitini, mbele ya mlango wa nyumba, na nyumba nzima ikaanza kuingia na kutokea dirishani, mama mkwe akiwemo, sketi na yote. Ndivyo ilivyo Dúney. Sasa siku hiyo boti ikaleta jiko jipya, jiko la Hallbera mwenyewe, zawadi ya kwao, zito, na wale wanaume hawakuwa na muda wa kungoja. Ásgrímur na mama yake walikuwa upande wa pili wa kisiwa. Hallbera akachukua kiota na nyasi zake, vizuri kabisa, akakisogeza hatua tatu. Jiko likaingia. Bata akaenda majini, akakaa ameelekea nyumba siku mbili bila kutoka, na mayai yakapoa. Miaka mitatu hakuna bata aliyetaga karibu na nyumba ile. Mama mkwe alisema yote ya kusema, na mengine akayarudia. Ásgrímur hakusema kitu. Si siku ile, si mwaka ule, si mpaka anaingia kaburini, na ule ukimya ulimlemea Hallbera kuliko maneno yote ya mama mkwe, akiamini kwamba mumewe alikosa neno kubwa la kumtosha.

Na sasa amepiga magoti tena, mikono chini ya bata. Safari hii anajua. Hakuweza kujidanganya. Lakini aliifikiria ile nyumba imefungwa mbao madirishani, na Sölvi anarudi kwenye moshi wa kiwandani, na moyo wake ukasema: kwa mwanangu nitafanya, na dhambi ni yangu. Akashika kamba kwa chini, akaanza kuinua.

"Mama! Mwache!"

Sölvi alikuwa anakimbia gatini, na mtu wa kilo mia akikimbia gatini mbao zote zinalia, lakini alipokaribia akapunguza mwendo, akaja kwa ncha za vidole.

"Toa mikono, Mama."

"Usinipangie. Rudi jikoni."

"Toa."

"Boti zinakuja, Sölvi!"

"Zije."

"Utamwaga unga, wewe mtoto. Meli kumi na moja! Umechonga fito mpaka vidole vimechubuka!"

"Fito zitawasha jiko," akasema Sölvi. Alijua vizuri sana anachokitupa. Akainama, akamshika mama yake viwiko, akamnyanyua yeye badala ya bata, polepole, mpaka akasimama. Bata akajitikisa, akakaa sawa juu ya mayai yake.

Sölvi akatoa mfukoni redio waliyopewa na meli. "Hapa Dúney," akasema. "Gati limefungwa."

Redio ikakwaruza. "Limefungwa mpaka lini?"

"Mpaka waanguliwe. Siku ishirini na moja, ishirini na mbili hivi."

Redio ikakwaruza tena. "Nani waanguliwe?"

"Mwulize Annegret," akasema Sölvi, akaizima.

Annegret alishafika mwanzo wa gati, kikombe mkononi. Alikuwa ameona yote kutoka jikoni. Hakugomba. Aliongea na nahodha kwa muda mrefu kwa Kijerumani, na mwishowe boti tatu zilizokuwa zimeteremshwa zikaruhusiwa kusogea kwa mbali, injini zikazimwa, na wageni wakakaa na majaketi yao ya machungwa wakimtazama bata kwa darubini dakika kumi. Wengine walipunga mikono. Mmoja akauliza kwa sauti nyangumi yuko wapi. Kisha wakageuzwa wakarudi melini.

"Itabidi niandike kwamba gati halikuwa tayari," Annegret akamwambia Hallbera akiwa anaaga. "Siwezi kuandika uongo."

"Andika."

"Nitaandika na sababu. Lakini wanaoamua wako ofisini, na hawajawahi kumwona bata zaidi ya yule wa kwenye sahani. Siahidi kitu."

"Sijakuomba kitu. Chukua chapati." Akamfungia nane kwenye kitambaa, na nyingine nne, na jozi kavu ya soksi za marehemu.

Meli ikapiga honi, ikaondoka. Mama na mwana wakaketi jikoni katikati ya masinia. Walikunywa kahawa bila kusema, na kwa Hallbera kukaa bila kusema ni ugonjwa.

"Uliniona kutoka dirishani," akasema mwishowe.

"Nilijua kabla sijakuona. Uliponituma nikaangalie birika. Lini wewe umemwamini mtu na birika lako?"

"Ulijua nini?"

Sölvi akashusha kikombe. "Baba aliniambia. Habari ya jiko. Na yule bata wa kizingitini."

Hallbera akamgeukia. Mwezi wa mwisho wa maisha yake Ásgrímur alikuwa hospitali mjini, na ulikuwa mwezi wa sita, viota vimejaa, hivyo Sölvi ndiye aliyekaa naye, Hallbera akivuka Jumapili tu. "Alisema nini?" akauliza. "Nieleze kama alivyosema. Usipunguze."

"Alisema, mama yako alimhamisha bata mmoja akiwa binti, na hajajisamehe mpaka leo. Akasema kila mwaka alikuwa anataka kukwambia yaishe, na kila akifungua mdomo maneno yanakwama, halafu mwaka unapita, halafu anaona aibu kwamba amechelewa. Akaniambia, ikitokea tena, wahi wewe. Usimwache abebe wa pili."

Hallbera akaweka mikono usoni. "Mjinga yule," akasema ndani ya viganja. "Mjinga! Miaka hamsini! Mimi nadhani amenikasirikia, kumbe anatafuta sentensi!" Akalia kwa kwikwi, na katikati ya kilio kicheko kikamtoka, kwa sababu alimwona kabisa Ásgrímur wake amesimama ghalani, mdomo wazi, anangoja mtu amsaidie kumalizia. Alimpenda mzee yule mpaka ikauma. Sölvi akamsogezea kitambaa cha meza, maana hakuona kingine.

Alipotulia akajipangusa, akavuta pumzi. "Haya. Sasa kiwandani wanakutaka lini?"

"Sirudi."

"Acha mzaha. Tutakula nini?"

"Manyoya yapo. Boti ninayo, samaki wapo. Annegret akifaulu, tutaona. Asipofaulu, tutabanana." Akajikuna kidevu. "Mama, mtu aliyefukuza meli kwa sababu ya bata, kule kiwandani atafanya kazi gani? Nimeshaharibika."

Hallbera akamtazama muda mrefu, lile jitu lake la miaka arobaini na sita lenye rangi ya choo kwenye nywele. Alitaka kumwambia mambo mengi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yakamkwama yeye. Akainuka, akaanza kufunika masinia.

"Kesho tunaanza kuzunguka viota upande wa kaskazini," akasema. "Saa kumi na moja uwe umeshavaa. Lile koti jekundu liache, hawalipendi. Na ukipita, sema nao."

"Niwaambie nini?"

"Waambie wewe ni nani."

"Mama, mimi nimezaliwa hapa."

"Kuzaliwa ulizaliwa, nilikuwepo," akasema Hallbera. "Ila umehamia leo."